Mnara wa Stoo

Wanaosema mnara wa simu lazima uwe mrefu hawajaishi kwenye nyumba niliyoolewa mimi. Mnara wetu ulikuwa mdogo kama boksi la viatu, umewekwa stoo juu ya magunia ya mchele, ukuta mmoja na chumba nilicholala na mwanangu mchanga. Aliyeuleta ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kutoka Tunduma. Uliletwa kwa ajili yangu mimi, kunisikiliza nikiongea na simu. Na siku hizo hizo mama yangu mzazi alikuwa anakufa kijijini, huko mbele ya Matai, na alikuwa ananitafuta kwa simu hiyo hiyo. Nayasema haya mwanzoni kabisa ili mtu asije akadhani naficha kitu. Waliokuwa wanaficha ni wao.

Mimi ni Mfipa, mtoto wa wakulima, Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni. Mume wangu ni wa familia ya Waislamu wenye maduka Sumbawanga mjini, na Fuso zinazopeleka mizigo Kasanga na Kipili. Nilibadili dini nikaolewa. Mama yangu alilia, akanyamaza, kisha akanibariki. Mama mkwe wangu alinipokea kama mtu anavyopokea mzigo ulioletwa nyumba siyo, anaugeuzageuza tu akingoja wenyewe waje wauchukue.

Nikajifungua mtoto wa kiume, mweupe. Jamani, watoto wachanga wote ni weupe! Lakini mama mkwe alimshika, akamtazama masikio, akamtazama kucha, akaanza kuhesabu miezi kwa vidole mbele yangu, nami nimelala pale hata kugeuka siwezi. Mume wangu alikuwa amekaa sana Kipili mwaka ule kwa sababu ya dagaa. Akahesabu, akafika kidole fulani, akaacha. Heri angesema.

Kwa mila yao mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe. Hilo sikulikataa, maana baridi ya kwetu mwezi wa saba si ya kumtoa nayo mtoto. Kilichoniuma ni kingine. Kwetu binti akijifungua, mama yake ndiye anayekuja kumkanda. Mama yangu alishafunga kimzigo chake, amebaki kusubiri gari tu. Mama mkwe akasema, "Mtu anayekunywa pombe ya ulezi hawezi kumshika mjukuu wangu." Basi akanikanda yeye. Maji ya moto alinimwagia kama anasafisha sufuria lililoungua, na nikipiga kelele ananiambia, "Nyamaza, ulipokuwa unaitafuta hii mimba ulilia?"

Kaka yangu, mkubwa wangu, alikuja siku moja na kuku na unga wa ulezi. Wakamwacha amesimama getini tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kuku wakampokea. Unga wakasema una mchanga, wakawamwagia kuku wale wale, uani, yeye akiwa anaona. Kaka yangu ni mtu mpole, ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Siku ile alizunguka mpaka nyuma ya chumba changu, akaniambia kupitia dirishani, "Dada, geti hili sitalikanyaga tena mpaka naingia kaburini." Akaondoka bila hata maji ya kunywa.

Nikabaki na simu. Kitochi changu cha vitufe, hicho tu. Kila asubuhi mama alinipigia. Alikuwa hana mengi: umekunywa uji, mtoto amenyonya, usikae na ubaridi, funga tumbo. Tuliongea Kifipa, na mimi nilikuwa naongea kwa sauti ya chini kwa sababu mtoto amelala. Hicho ndicho kilichoniponza. Mke anayenong'ona Kifipa kwenye simu, mtoto mweupe, mume yuko Kipili. Mama mkwe akajumlisha akapata jibu lake.

Shemeji alikuwa na duka la simu, anauza machaja na makava, anajifanya injinia. Alikwenda Tunduma kufuata mzigo, akarudi na kile kidude chenye antena mbili, cha kuunganisha na kompyuta. Baadaye alinieleza mwenyewe, kwa majivuno, jinsi kinavyofanya kazi. Simu, alisema, ni kama mbuzi, inamfuata aliyeshika majani karibu. Kidude kinajifanya mnara, kinaita kwa nguvu kuliko mnara wa kweli ulioko kilimani, simu yako inakiamini na kukifuata. Ukipiga, maneno yako yanapita kwake kwanza ndipo yaende, naye anasikiliza na kurekodi. Alikitegea simu yangu tu. Simu za wengine kilikuwa kinaziacha zipite.

Mimi najua nini? Nilichoona ni kwamba mtandao umejaa. Chumba kile nilikuwa nasimama dirishani, nimening'inia, ndipo nipate kamstari kamoja. Ghafla asubuhi ile naamka, mistari imejaa yote, nimelala kitandani! Nilifurahi, wallahi. Nilimwambia mpaka mwanangu: leo bibi yako tutamsikia vizuri.

Bibi yake hakupiga. Na siku iliyofuata hakupiga. Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa anakohoa, kikohozi kile cha kushika mbavu, akasema ni vumbi la kupukuchua mahindi. Nikapiga mimi. Inaita, haipokelewi. Napiga tena, inaita mpaka inakatika. Simu ya nyumbani kwetu ilikuwa moja, anaishika kaka, na kaka haachi simu mbali. Nikajiambia wako shamba. Nikajiambia wako kanisani. Mwishowe sababu za kujiambia zikaniishia.

Nilimwomba mama mkwe simu yake. "Mama, naomba nipige kwa simu yako, nimjulie hali mama yangu, anaumwa."

"Kwani yako imekufa?"

"Haijafa, ila nikipiga hawapokei."

"Basi hata nikikupa hawatapokea," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Nikamwita shemeji. Yeye si fundi? Alikuja na visikilizio vyake vimening'inia shingoni, vile vikubwa vya kuziba masikio. Akaishika simu yangu, akaigeuza, akabonyeza bonyeza, akanirudishia. "Mtandao umejaa, shemeji. Simu haina tatizo. Watu wako wamekuchoka tu."

Alilisema hilo huku anatabasamu. Alikuwa ametoka stoo kunisikiliza, akaingia chumbani kunidanganya, akarudi stoo kuendelea kunisikiliza. Mpaka leo nikimwona anakula nageuza uso. Simtakii kifo. Namtakia maisha marefu, na kila siku yake ianze kama zilivyoanza zangu mle chumbani.

Yale maneno yakanikaa, maana yalikuwa na mahali pa kukaa. Si nilibadili dini? Si kaka alimwagiwa unga mbele ya macho yake? Nikaamini wamenitupa. Nilikuwa napiga huku nalia, naongea na ule mlio wa kuita kama unanielewa: pokeeni basi jamani, hata kama ni kunitukana, pokeeni nimsikie mama. Nilianza kukosa maziwa, mtoto akawa analia, mama mkwe akipita mlangoni anauliza kama huyo mtoto hana baba wa kumbembeleza. Mume wangu alikuwepo siku hizo. Alikuwa anakuja, anamtazama mtoto, ananitazama, anauliza nimekula nini, anatoka. Nilimwomba anipeleke kwetu, akasema subiri arobaini. Nikamwomba atume dereva akaulizie tu. Akasema madereva wana kazi.

Sikujua kwamba simu zangu zilikuwa zinafika kwetu na namba ngeni. Kile kidude kilikuwa kinapiga kwa laini yake. Na kijijini kwetu, kabla sijajifungua, mama mmoja mjane alipigiwa na tapeli aliyeiga sauti ya mwanawe, analia kwamba yuko polisi. Akatuma hela yote ya mahindi. Tangu hapo padri alitangaza kanisani baada ya misa: namba ngeni msipokee, na ukipokea ukasikia mtoto wako analia, kata. Watu wa kwetu padri akisema kitu wanakishika. Kwa hiyo kaka yangu alikuwa anaiona namba ngeni inaita, asubuhi, mchana, jioni, anaiacha iite.

Siku moja alipokea. Nadhani alichoka.

"Kaka! Kaka ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Mimi dada yako! Kaka, mbona hampokei? Mama yuko wapi, nipe mama!" Nilikuwa nalia kwa sauti.

"Dada yangu namba yake ninayo, na haipatikani," akasema. Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo, kavu. "Mmeshajua na kwetu kuna msiba, mnakuja kutuibia na machozi. Unamtaka mama? Mfuate aliko."

Akakata. Niliposikia neno msiba nilisimama na mtoto mkononi nikaanza kuuliza ukuta: msiba wa nani? Nikapiga tena, simu imezimwa. Nikatoka chumbani, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, nikavuka mlango mpaka uani na kichwa wazi, nikamwambia mama mkwe kwetu kuna msiba, niruhusuni. Aliniangalia miguu kwanza, sijavaa ndala.

"Msiba wa nani?"

"Sijui. Kaka kasema msiba."

"Kaka, au huyo mwingine?" akasema. "Rudi ndani, unamtoa mtoto kwenye baridi. Imebaki siku chache tu, utakwenda kuzurura utakavyo."

Shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo. Alikuwa amesikia kila neno, langu na la kaka. Kifipa anakijua vizuri, ameuza dukani tangu mtoto. Alisikia mtu anasema msiba, akaona huenda ni maneno ya siri ya wapenzi, akaendelea kusikiliza. Ndivyo alivyosema mwenyewe baadaye.

Arobaini ikafika. Walipika pilau, wanawake wa mtaani wakaja, mtoto akatiwa wanja akapitishwa mikononi. Nikapewa pongezi nyingi kwa kukonda. Walipokuwa wanakula uani, mama mkwe akaniita sebuleni. Mume wangu alikuwepo, na shemeji, na kile kidude kimewekwa mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, antena zimesimama, kamba ya umeme imevutwa mpaka ukutani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukiona.

Mama mkwe alinyanyuka, akanivisha khanga mpya mabegani, doti nzima. "Mwanangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Umetoka safi. Tumekusikiliza simu zako zote, hatukukuta mwanaume hata mmoja. Mtoto ni wetu. Nisamehe moyo wangu, mimi ni mzazi wa mtoto wa kiume, ilibidi nijue."

Mume wangu akatabasamu, ametulia, kama mtu aliyepewa majibu mazuri ya hospitali. Shemeji ndiye akaanza maelezo yake, ya mbuzi na majani, ya mnara wa kweli na mnara wa kuiga. Alikuwa anaeleza kwa raha. Akafika mahali akasema, "Kasoro yake ni moja tu, simu za kuingia hazipiti. Anayekupigia anaambiwa hupatikani. Na ukipiga wewe, kule inaonekana namba nyingine."

Nilimwambia arudie. Akarudia.

"Kizime," nikasema.

"Shemeji, tulia kwanza, tule..."

"Kizime! Nimesema kizime!" Nilipiga kelele mpaka uani vijiko vikanyamaza.

Alichomoa waya. Simu yangu ilikuwa mkononi. Ilikaa kidogo, mistari yote ikapotea, kisha ukarudi ule mmoja wa siku zote. Halafu ikaanza kutetemeka. Meseji moja, nyingine, nyingine, zote za kaka. Si nyingi. Shemeji aliniambia za mwanzo zitakuwa zimepotea, meseji haziwezi kungoja siku zote. Kwa hiyo zile za wakati mama anaumwa sikuzipata, mpaka leo sijui ziliandikwa nini. Zilizokuwa zimesalia ni za mwisho. Ya kwanza kuisoma ilisema mama amefariki alfajiri, njoo. Ya pili, tunakungoja, tumesogeza maziko mpaka kesho. Ya tatu, padri hawezi kungoja zaidi, upo njiani? Ya nne ilisema tumezika.

Nilimsomea mume wangu zote kwa sauti, nikimtazama usoni. Alisema, "Lakini sisi tungejuaje?" Hilo ndilo alilokuwa nalo la kusema. Nikamgeukia mdogo wake: "Ulinisikia nikilia?" Akasema ndiyo. "Ulinisikia nikisema pokeeni nimsikie mama?" Akakuna kichwa. "Nilisikia, shemeji. Nilidhani mama ni jina mlilopeana."

Mama mkwe alinirekebishia ile khanga begani, ilikuwa inateleza. "Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Sasa jifute machozi, wageni wako uani, usiwatie nuhusi kwenye pilau la mtoto." Na nilikwenda. Watu huwa wanauliza, kwa nini hukumpiga na kitu? Nilikuwa nimejifungua juzi, sina maziwa, sina mama. Nilikwenda nikakaa na wageni, nikasema asanteni kwa kuja.

Kesho yake nikapanda gari la Matai na mwanangu mgongoni. Mume wangu alitaka kunipeleka na gari lake, nikamwambia akikanyaga kwetu nitamwambia kaka yangu ni nani alikuwa stoo. Akabaki.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo umeshaanza kupasuka, msalaba wa mbao. Kaka alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Nilipiga magoti, nikapiga makofi kumsalimu kama tulivyofundishwa na mama. Aliendelea na hindi lake mpaka likaisha, akachukua jingine.

"Tulimbeba," akasema, bila kunitazama. "Kila siku. Pale kwenye kichuguu ndipo mtandao unashika vizuri, tulimbeba kwenye kiti, mimi na jirani, kwa sababu alisema akikupigia mwenyewe utapokea. Nilimbonyezea namba, nikamwekea sikioni. Akawa anasikiliza yule dada wa simu anasema hupatikani. Ikabidi nimweleze ni mashine, maana alikuwa anamjibu. Anamwambia, niitie mwanangu, mwambie ni mama yake."

Nilimwambia. Nilimweleza yote, kidude, stoo, antena, mnara wa kuiga, namba ngeni, simu za kuingia hazipiti. Nilieleza haraka haraka, nachanganya, narudia. Mimi mwenyewe nilikuwa najisikia naongea kama yule tapeli wa mama mjane. Kaka akaacha kupukuchua. Alinisikiliza mpaka mwisho, yule mtu mpole.

"Siku ya mwisho," akasema, "tulipomrudisha ndani alisema tusimbebe tena. Akasema, mwanangu amezima, muacheni na watu wake. Akageukia ukutani. Hakuongea tena."

"Kaka, sikuzima! Haki ya Mungu sikuzima!"

Alitoa simu mfukoni, ile ile simu ya nyumbani kwetu, na vidole vyake vina vumbi la mahindi. Akanyanyuka, akatembea mpaka pale kwenye kichuguu, mimi nyuma yake na mtoto. Akabonyeza, akaiweka sikioni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Simu yangu ikaita mkononi mwangu.

"Leo inaita," akasema.

Nikapokea. Sijui kwa nini nilipokea, na yeye amesimama mbele yangu, nikasema haloo, haloo kaka. Akanisikiliza kwenye simu, kisha akakata, akarudi kwenye mahindi yake.